Babu alipotea na jahazi, kaburi hakuna: tutamkumbuka vipi tukiwa Nairobi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa South B, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa Matondoni, Lamu. Aliondoka na jahazi la boriti kwenda Arabuni miaka ya hamsini, mama akiwa bado ananyonya, ikasemekana wamezama. Kuna wengine kwenye ukoo wanasema hakuzama, alioa huko akabaki. Hakuna kaburi, hakuna picha, hakuna cheti. Mama sasa ni mzee na kila kaskazi ikiingia anamtaja. Sisi watoto na wajukuu tumekulia Nairobi, bahari tunaiona likizo tu. Tutamkumbuka vipi mtu ambaye hatuna chochote chake? Kwa mume wangu pia kuna babu mdogo alienda na meli ya wanajeshi 1944 hakurudi, wao walizika yago, tunda badala ya mwili."

Marahaba dada yangu, na mama mfikishie salamu zangu, mwambie swali lake limesomwa kwa makini na limenigusa. Nitajibu kwa urefu manake watu wakiuliza habari za waliopotea baharini wengi wanapewa pole halafu basi, na pole haitoshi, kuna kazi inaweza kufanywa hapa na kubwa yake inaweza kufanywa hapo hapo Nairobi.

Nianze na hilo la mama kumtaja babake kaskazi ikiingia. Umeliandika kwa kupita tu, kama jambo la uzee, lakini mimi naona huo ndio ushahidi wa kwanza mlionao. Majahazi ya boriti yalikuwa yanaenda na upepo na kurudi na upepo. Kusi inaanza kwenye mwezi wa Aprili, inayasukuma majahazi kwenda juu, Kismayu, Barawa, Mogadishu, halafu Arabuni mpaka Ghuba. Kaskazi inaanza kwenye Novemba au Disemba inakaa hadi Machi, hio ndio inawarudisha. Kwa hivyo mtu akiondoka na kusi, nyumbani wanajua hawatamuona mpaka kaskazi, na kama hakuna mtu aliyepishana naye bandari fulani akaleta salamu basi hakuna habari kabisa, na hakuna anayeshtuka juu ndio maisha yalivyokuwa. Nyanya yako alianza kumsubiri mumewe kaskazi. Linaingia jahazi la kwanza, la pili, watu wanashusha tende na papa mkavu na mazulia, na lile analolingoja yeye halionekani, na kila anayeshuka anaulizwa mlipishana nao wapi. Siku ya kulia haikuwepo, kulikuwa na miezi mitatu minne ya matumaini kupungua kidogo kidogo mpaka upepo ukageuka na kukawa hakuna tena jahazi la kusubiri. Mama alikuwa mchanga hawezi kukumbuka hayo, ila amelelewa kwenye nyumba ambayo kila kaskazi kuna mtu mzima alikuwa anatazama bahari. Sasa anafanya vile alivyoona mamake akifanya. Msimzuie na msimbadilishie mazungumzo akianza, kaeni chini msikilize.

Sasa ushauri wangu mkubwa ni huu, na nitaurudia mpaka uchoke: msimtafute babu, tafuteni jahazi. Karatasi za serikali ya mkoloni hazikujali jina la baharia mmoja wa Matondoni, ila chombo walikijali manake kilikuwa na shehena na shehena ina ushuru. Na hata wazee kule, ukiwauliza habari za fulani bin fulani aliyepotea zamani watakuambia Mungu amrehemu hatukumjua, lakini ukiwatajia jina la jahazi, au nahodha, au tajiri mwenye jahazi, utashangaa maneno yatakavyotoka. Watu wa pwani kumbukumbu zao za bahari zimefungwa kwenye vyombo.

Na jahazi hilo hilo ndio litawamalizia ile habari ya kusema alibaki Arabuni. Najua hii inauma, pengine inauma kuliko kuzama kwenyewe, manake aliyezama hakuwaacha kwa kutaka. Nisiwafiche, mabaharia wetu wengine walibaki kweli, kuna walioa Oman, Yemen, Kuwait wakazeeka huko. Lakini kuna tofauti kati ya mtu mmoja kutorudi na jahazi zima kutorudi. Kwa hivyo swali la kuuliza ukoo wenu sio kama babu alikuwa mtu wa kuacha mke na mtoto. Swali ni je, jahazi lilirudi? Wale aliokwenda nao walirudi? Kama nahodha alirudi Lamu kaskazi ile akaja nyumbani akasema fulani amebaki, hio ni hadithi moja. Kama nahodha hakurudi, serehangi (msimamizi wa mabaharia) hakurudi, mpishi hakurudi, na kuna nyumba zingine Matondoni au Shela au Faza zilizolia mwaka huo huo, basi hakuna aliyebaki kuoa, walikwenda wote pamoja, na nyinyi mnaweza kumuondolea babu yenu hio lawama aliyobebeshwa miaka yote hii. Kwangu mimi hio pekee ni sababu tosha ya kufanya utafiti huu.

Muulizeni mama, na muulizeni mzee mwingine yeyote aliyebaki upande huo, lakini muulize vizuri. Usimuulize alikufa mwaka gani, hajui, na mkimlazimisha atawapa mwaka wowote ili mnyamaze. Muulize, nyumba gani nyingine zilifiwa mwaka ule? Jahazi lilikuwa la tajiri gani? Lilikuwa la hapo hapo Lamu au la Waarabu waliokuja na kaskazi wakapakia boriti wakachukua watu wa kwetu kuongeza mikono? Hili la mwisho ni muhimu sana, manake vyombo vingi vikubwa vilivyobeba boriti vilikuwa vya wageni, watu wa Sur kule Oman, Wakuwait, Wahadhrami, na kama babu alipanda kimoja cha hivyo basi chombo chenyewe kwao ni huko na huko nako kuna familia zilizosubiri kama nyanya. Muulize shehena ilikuwa ya nini, nguzo, boriti au pau, korija ngapi (korija moja ni ishirini, wazee wanaohesabu miti bado wanalitumia). Muulize walishuka bandari gani kuchukua maji. Mabaharia hawakuwa na mshahara wa mwezi, walikuwa wanagawana sehemu baada ya safari kuisha na gharama kutolewa, kwa hivyo muulize pia kama nyanya aliwahi kwenda kwa tajiri kudai sehemu ya mumewe au kama kuna deni lilisamehewa, manake hapo mahesabu lazima yalifanywa na mahali palipofanywa mahesabu pana daftari.

Kupata mwaka ulizia mambo aliyosikia yametokea karibu na hapo. Kwa miaka ya hamsini Lamu kuna alama moja nzuri, mahabusu wa Mau Mau waliofungiwa kisiwani Manda, wazee wengi wa Lamu walikua wakisikia habari zao. Alipotea kabla hawajaletwa, wakiwepo, au washaondolewa? Hapo umeshapunguza miaka. Kisha uliza msimu, kusi inaanza au imeshika? Hili nalo lina maana yake. Nahodha mwenye busara alikuwa anatoka mapema, mwanzo wa kusi, awahi kupita Ras Hafun na Ras Asir kule pembe ya Somalia kabla bahari haijafungwa. Kuanzia Juni mpaka Agosti kusi inavuma kwa nguvu mno na bahari ya upande wa Sokotra ndio mbaya kuliko zote, mawimbi makubwa na hakuna pa kujificha, na jahazi limejaa boriti mpaka juu halina wepesi wa kuinuka. Jahazi lililochelewa kupakia, pengine miti haikuwa tayari huko mikokoni au tajiri hakuelewana na mnunuzi, lilikuwa na chaguo la kungoja mpaka demani, kusi ikishapungua, au kujaribu bahati. Wengine walijaribu. Mkisikia kwamba jahazi lilichelewa kutoka, andikeni hilo neno kama lilivyosemwa.

Tumieni simu kurekodi, iwekeni mezani mwache mama aongee, hata akienda nje ya mada mwacheni aende. Mtu mmoja aulize, wengine wanyamaze. Na asisahihishwe na wajukuu waliosoma. Mkimaliza andikeni alivyosema kwa lugha yake ya Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, msimtafsirie kwa Kiswahili cha shule, manake maneno yenyewe yana taarifa ndani yake.

Karatasi sasa. Uko Nairobi, hapo una bahati. Nenda Kenya National Archives pale Moi Avenue, beba kitambulisho, unalipa ada ndogo unaingia chumba cha kusomea. Waombe ripoti za kila mwaka za wilaya ya Lamu za miaka hio mliyoipata kwa mama, na zile ripoti ambazo DC (mkuu wa wilaya) mmoja alikuwa anamwachia DC mwenzake akihama. Usitegemee kuona jina la babu. Tegemea kuona habari ya biashara ya boriti, vyombo vilivyoingia na kutoka msimu huo, na pengine sentensi moja kavu kwamba chombo fulani hakikufika. Hio sentensi moja ndio unayoitafuta. Ukitoka hapo vuka tu mjini mpaka maktaba ya McMillan, Banda Street, jirani na msikiti wa Jamia, wana magazeti ya zamani ya East African Standard, na dhoruba kubwa au chombo kilichopotea wakati mwingine kiliandikwa hata kama ni kwa mistari minne. Ni kazi ya uvumilivu, kurasa zimechakaa na hakuna kitufe cha kutafuta neno, wapeni vijana wawili wa ukoo walio kwenye likizo ya chuo. Maktaba ya British Institute in Eastern Africa pia ni nzuri kwa mambo ya pwani.

Halafu kuna sehemu moja ambayo watu wanaisahau kabisa, mahakama ya Kadhi. Nyanya aliolewa tena? Kama aliolewa, mtu aliamua kwamba mume wa kwanza amekufa. Mwanamke wa Kiislamu haolewi juu ya mume aliyepotea hivi hivi, lazima pawe na hukumu au ushahidi wa watu waliosema tulikiona chombo kikizama au tulikuta mbao zake, ndipo akakaa eda yake ya miezi minne na siku kumi. Na hata kama hakuolewa, kama kulikuwa na shamba la minazi au nyumba ya kurithi jambo hilo lilipelekwa mahali. Ulizieni mahakama ya Kadhi ya Lamu kuhusu daftari za zamani, na mwende na mtu anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, manake karatasi za zamani nyingi ziko hivyo, na vijana wetu wengi wanaona hati hizo wanadhani ni dua za kuwekwa ukutani.

Kwa upande wa sheria ya leo, kama bado kuna mali iliyokwama kwa jina lake, sheria ya ushahidi ya Kenya inasema mtu asiyesikika miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, anachukuliwa amekufa mpaka ithibitishwe vingine. Nyinyi mmepita hapo zamani sana. Kadhi au wakili atawaelekeza, sitakaa sana hapo.

Dini. Mimi ni mtu wa historia sio sheikh, kwa hivyo la hukumu muulizeni imam wenu. Lakini kuna jambo mama anafaa kuambiwa kama hakuna aliyewahi kumwambia: katika hadithi sahihi aliyekufa kwa kuzama ametajwa pamoja na mashahidi. Nimekutana na wazee wa pwani ambao walibeba huzuni ya kwamba baba hakuoshwa, hakukafiniwa, hakuswaliwa, kana kwamba amekosa heshima. Mwambieni mama babake hakukosa heshima. Swala ya ghaibu, ile ya kumswalia maiti aliye mbali, ipo na kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndio ya watu wengi wa pwani inakubaliwa, ila ina masharti yake na kwa mtu aliyekufa kabla nyinyi hamjazaliwa ndio maana nasema muulizeni imam. Dua na sadaka hazina mlango uliofungwa, hizo anaweza hata mjukuu wa Nairobi asiyejua kuogelea.

Lini sasa? Hapa watu wengi wanakwama, tarehe hatuna. Kwa mtu wa bahari msihangaike na tarehe, chukueni msimu. Kama alipotea kusi ile na akasubiriwa kaskazi, chagueni siku moja mwisho wa kaskazi, kwenye Machi, wakati ambao nyanya alilazimika kukubali, someni hitma hapo. Na kama mama anaona bora mwanzo wa kaskazi, siku anazomtaja yeye mwenyewe, basi yeye ndio mwenye neno la mwisho. Muhimu ni kwamba siku hio msimuombee babu peke yake. Jahazi la namna ile lilibeba watu wengi, nahodha, serehangi, mpishi, mabaharia, na mara nyingi mtoto wa miaka kumi na kitu aliyepelekwa kujifunza kazi. Kila jina mlilolipata lisomwe kwa sauti na ambalo hamkulipata ombeni kwa "na wenzao". Walivuta foromali, ule mti wa tanga, pamoja, walikula sahani moja, wamekwenda pamoja, kuwatenganisha kwenye dua sioni sawa. Na mtafuteni hata familia moja ya wale wengine muwaalike. Kuna uwezekano mkubwa nao wako hapo hapo Nairobi, Eastleigh, Pumwani, South C, na wao wanadhani ni wao tu.

Kuhusu kwamba hamna chochote chake, hapo nitakupinga kidogo. Hamna picha, lakini mnaweza kujua siku yake ilivyokuwa kuanzia alfajiri, na nyumba nyingi zenye picha ukutani hazijui hilo kuhusu babu zao. Wapelekeni watoto Matondoni, msiishie Mombasa. Pandeni treni mpaka Mombasa, basi mpaka Mokowe, boti mpaka Lamu, na kutoka hapo Matondoni si mbali, bado kuna mafundi wanaojenga vyombo kwa mkono. Waonyeshwe mkuku, uti wa chombo, unavyolazwa kwanza, mataruma, yaani mbavu zake, yanavyosimamishwa, kalafati inavyotiwa kati ya mbao kuzuia maji, wafundishwe omo (mbele) iko wapi na tezi (nyuma) iko wapi, washike kamba. Mwacheni fundi aseme, wanajua kusema. Mkibahatika kumpata mzee anayeimba kimai, zile nyimbo za mabaharia na wavuvi, mrekodini, babu alizijua hizo bila shaka yoyote na pengine aliimba mojawapo siku aliyoondoka. Makumbusho ya Lamu nayo yana mifano ya vyombo, pamoja na mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba bila msumari kilichokuwa na tanga la mkeka. Watoto wakijua vitu hivi kwa majina yake watakuwa na babu aliyekuwa fundi wa kazi yake, sio babu aliyezama tu.

Nikiwa hapo niseme jambo linalonikera. Ukienda Fort Jesus utakuta vitu vya meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama pale mbele ya ngome 1697 wakati ngome ilipozingirwa, wapiga mbizi walifanya kazi ya kuichimbua kuanzia 1977 mpaka 1980, na vitu vyake viko ndani ya vioo na maelezo yake. Ni kazi nzuri na naiheshimu, nendeni muione. Lakini vyombo vyetu wenyewe vilivyozama na boriti, na chumvi, na watu, ambavyo wajane wa mabaharia wake tumewahi kuwaona kwa macho yetu, havina hata ubao mmoja wenye majina. Hio kazi hakuna makumbusho itakayoanza kabla familia hazijaleta majina, na ndio sababu nawasukuma hivi.

Sasa hilo la mwisho la mume wako, umeliandika mstari mmoja lakini nimekaa nalo muda mrefu. Babu mdogo, mwanajeshi, meli, 1944. Dada yangu, muulize shemeji kama huyo babu alikuwa kikosi cha mizinga. Nauliza hivi juu mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa meli ya kubeba wanajeshi ikiitwa Khedive Ismail, kuelekea Colombo, ndani yake kukiwa na kikosi kizima cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, 301st Field Regiment, vijana wa kutoka bara huku. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani I-27 iliipiga topido. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,511 walikuwa ndani na 1,297 hawakutoka. Na kuna sehemu ngumu zaidi, nyambizi ilijificha chini ya maji pale pale walipokuwa wanaelea walionusurika, manowari za Waingereza zikaifuata kwa mabomu ya kulipukia chini ya maji mpaka ikalazimika kuibuka, kisha zikaizamisha kwa topido, na mabomu hayo yaliua watu waliokuwa bado wanaogelea. Habari hizi hazikutangazwa wakati ule juu ya vita, nyumbani ilifika barua ya kusema hajulikani alipo, au ikafika pesa, au hakikufika kitu.

Siwezi kusema huyo babu alikuwa humo. Lakini unaweza kujua bila kutoka mjini. Nendeni makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi War Cemetery. Ndani yake kuna East Africa Memorial, ukumbusho wa wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana, na waliopotea na Khedive Ismail ni miongoni mwa walioandikwa hapo. Kabla hamjaenda tafuteni jina kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, ni bure, na mjaribu kila namna ya kuliandika, manake karani wa jeshi alikuwa anaandika alivyosikia, O ya mwanzo inaweza kuwepo au kukosekana, jina la baba linaweza kuwa ndio jina la kwanza. Mkilipata shuka na shemeji, mkaliguse. Ni matatu moja kutoka mjini, watu wanapita hapo kila asubuhi kwenda kazini na hawajui kwamba ndani kuna majina ya watu waliolala Bahari ya Hindi.

Na yale mazishi ya yago, kumzika tunda badala ya mwili ambao haukupatikana, msiruhusu mtu ayadharau. Wazee wa shemeji walijua kwamba mtu lazima awekwe mahali, watu walie, wamalize, ardhi ya nyumbani ijue jina lake. Waliyafanya hayo bila karatasi yoyote mkononi. Mkipata jina pale Ngong Road lipelekeni nyumbani, waambieni wazee pale yago ilipozikwa kwamba limeandikwa pia huku na ni tarehe gani ilitokea. Kwa upande huo nyinyi mtakuwa na tarehe kamili, saa mbaya na mahali penyewe, upande wa Lamu mtakuwa na msimu, na watoto wenu ni wa pande zote mbili. Wafundisheni zote.

Anza na mama wiki hii hii, vijana wa kwenda Archives utawapanga baadaye. Mkishapata jina la jahazi, hata kama ni nusu jina, hata kama wazee wawili wamelitaja tofauti, niandikie na uniambie nani alisema lipi na yeye alilisikia kwa nani. Nina watu Lamu na Mombasa ninaoweza kuwauliza, na familia nyingine iliyopoteza mtu kwenye chombo hicho hicho ikiniandikia nitawaunganisha.